Je, wajua kwa nini kasoro moja ya sudo inaweza kumkabidhi mwanafunzi seva nzima?

Chukua maabara ya kompyuta ya chuo chochote hapa Dodoma. Wanafunzi wengi wana akaunti kwenye seva moja ya Linux. Kila mmoja anaingia kwa nywila yake, anafanya kazi zake, na hawezi kufungua faili la mwenzake. Seva hiyo hiyo ina akaunti nyingine isiyozuiwa na chochote, inaitwa root. Mwenye root anasoma alama za mitihani, anabadili nywila ya yeyote, na anafuta rekodi za nani aliingia saa ngapi. Kati ya mwanafunzi na root kuna programu chache zinazoamua nani apite, na inayojulikana zaidi ni sudo. Inakuwaje mlinzi huyo ndiye anayegeuka kuwa mlango?

Jibu linaanzia kwenye herufi moja. Andika `ls -l /usr/bin/sudo` na utaona `-rwsr-xr-x`. Ile `s`, iliyokaa mahali pa `x` ya kwanza, inaueleza mfumo kwamba yeyote akiiendesha programu hii, itafanya kazi kwa mamlaka ya mwenye faili, yaani root, wala si kwa mamlaka ya aliyeiita. Wazo hilo ni la Dennis Ritchie, mmoja wa waasisi wa Unix, mfumo ambao Linux inaufuata, na alipewa hataza yake Marekani mwaka 1979. Bila hilo, mtumiaji wa kawaida asingeweza hata kubadili nywila yake mwenyewe, kwa sababu faili linalotunza nywila huandikwa na root peke yake.

Fikiria karani wa ofisi ya kata aliyekabidhiwa muhuri. Unampa fomu, anaisoma, akiridhika anagonga. Lakini wakati anaisoma, muhuri tayari uko mkononi mwake. Fomu ikiandikwa kwa ujanja wa kumchanganya katikati ya kusoma, muhuri utagongwa pasipostahili. Ndivyo ilivyo kwa sudo: ina mamlaka ya root tangu inapoanza, kabla haijajua kama unaruhusiwa au la, na wakati huo wote inasoma maneno yaliyoandikwa na mtu ambaye bado haijamwamini.

Januari 2021 watafiti wa kampuni ya Qualys walitangaza kasoro waliyoiita Baron Samedit. Ukiita `sudoedit -s` na kumalizia neno lako kwa alama ya `\`, programu ilidhani alama hiyo inalinda herufi inayofuata. Ikaruka mwisho wa neno, ikaendelea kunakili yaliyokuwa mbele yake, mpaka ikafurika nje ya nafasi iliyotengewa kwenye kumbukumbu. Kosa hilo lilikuwa kwenye msimbo tangu Julai 2011. Mwaka mmoja baadaye, Januari 2022, Qualys hao hao wakaonyesha kasoro nyingine kwenye pkexec, programu inayofanya kazi inayofanana na ya sudo. Hiyo ilikuwapo tangu 2009. pkexec ilichukulia kwamba haiwezi kuitwa bila angalau neno moja, ambalo ni jina lake yenyewe. Mtu akiiita bila neno lolote, ilisoma na kuandika kwenye eneo lisilo lake, na hapo mshambuliaji akapata nafasi ya kurudisha maagizo hatari ambayo mfumo ulikuwa umeshayaondoa. Kwa kasoro zote mbili hukuhitaji kuwa kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kutumia sudo. Akaunti yoyote ilitosha.

Hapa ndipo wasimamizi wengi wanapojifariji: “Hiyo ni kasoro ya ndani, mtu wa nje hawezi kuitumia.” Sikubaliani kabisa na faraja hiyo. Mtu wa nje huwa hahitaji kuanza na root. Anahitaji tovuti yenye fomu mbovu ya kupakia picha, au nywila ya mtumishi mmoja iliyokisiwa, na tayari yuko ndani kama mtumiaji mnyonge. Kasoro ya ndani ndiyo inayomtoa hapo na kumpandisha juu. Katika mji wenye Mtumba, yaani Mji wa Serikali, ofisi za umma, vyuo na SACCOS zinazotunza taarifa za watu kwenye seva, kuiweka kiporo ni kuwachezea wananchi.

Wala usidhani ni ugonjwa wa mashine kuukuu tu. Juni 2025 ilitangazwa kasoro iliyohusu sudo 1.9.14 hadi 1.9.17, matoleo mapya. Chaguo la `-R` lilimwezesha mtumiaji kuchagua saraka itakayohesabiwa kuwa mzizi wa mfumo wa faili, na sudo ikasoma faili za mipangilio kutoka humo humo, kisha ikapakia msimbo wa mtumiaji kwa mamlaka ya root. Hapakuwa na kumbukumbu iliyofurika. Ni mpangilio wa hatua tu uliokosewa. Kwa hiyo hata kuandika upya kwa Rust, lugha ya programu inayozuia kumbukumbu kufurika, kama Ubuntu 25.10 (aina mojawapo ya Linux) ilivyofanya kwa kuweka sudo-rs, hakuondoi makosa ya aina hiyo.

Kuziba kwenyewe, kwenye Ubuntu au Debian, ni kazi fupi: `sudo apt update`, kisha `sudo apt install --only-upgrade sudo`. Mwenye bando dogo asiogope, kifurushi cha sudo kawaida ni cha MB chache tu; kizito ni orodha inayoshushwa na amri ya kwanza. Kwa shule ya Kongwa au Kondoa isiyo na intaneti, kifurushi kinaweza kushushwa mjini, kikabebwa kwenye flashi na kusakinishwa kwa `dpkg -i`, mradi ni cha toleo lile lile la mfumo.

Kinachowachanganya wengi ni namba. Ubuntu 20.04 iliyozibwa bado inasema sudo yake ni 1.8.31, namba ambayo kwa wanaoitengeneza sudo yenyewe ina Baron Samedit. Ubuntu walipandikiza kiraka, yaani marekebisho ya kosa hilo peke yake, bila kubadili toleo, wakabadili mkia tu: 1.8.31-1ubuntu1.2. Kwa hiyo usitegemee `sudo --version`. Tazama `dpkg -l sudo`. Kwa kasoro ile ya 2021 kuna kipimo cha moja kwa moja: ukiwa mtumiaji wa kawaida kwenye seva unayoisimamia, andika `sudoedit -s /`. Jibu likianza na `usage:` umezibwa. Likianza na `sudoedit:` bado uko wazi.

sudo ikishasasishwa huna haja ya kuzima na kuwasha seva, maana kila inapoitwa huanza upya kutoka kwenye diski. Kiini cha Linux (kernel) ni tofauti: kwa kawaida kiraka chake hakifanyi kazi mpaka uwashe upya, na mara nyingi hapo ndipo kazi inapoachwa nusu.

Kiraka kikichelewa, kwa pkexec kulikuwa na dawa ya muda: `chmod 0755 /usr/bin/pkexec`, inayoondoa ile `s`. Amri ya `sudo find / -perm -4000 -type f` itakuonyesha programu zote zenye herufi hiyo kwenye mashine yako. Ipitie orodha yote, na kila programu isiyotumiwa na mtu yeyote, iondolee herufi hiyo.