Desimali sita kwenye skrini si usahihi

Wanafunzi wengi wa uhandisi wakishaunganisha kihisi na kompyuta huona kazi imekwisha: programu ya kukusanya data imesoma, basi ndivyo ilivyo. Sivyo. Programu huandika tu kile ilichopewa na kadi, yaani kifaa kinachogeuza volti za kihisi kuwa namba, kiwe kizima au kibovu.

Chukua thamokapo ya aina ya K, kihisi cha joto cha nyaya mbili za metali tofauti. Hutoa takriban mikrovolti 41 kwa kila nyuzi 1 ya Selsiasi. Ichomeke moja kwa moja kwenye kadi ya biti 12, yaani yenye ngazi 4096, na upeo wa volti 0 hadi 10: ngazi moja ya kadi ni milivolti 2.44, yaani karibu nyuzi 60! Maji yatapanda kutoka ubaridi hadi kuchemka, na grafu itaruka mara moja au mbili tu. Desimali sita zitaonekana vilevile, bila haya. Kinachohitajika ni amplifaya ya kukuza volti hizo, au upeo mdogo zaidi.

Kasi nayo hudanganya. Mtetemo wa hezi 60, yaani mara 60 kwa sekunde, ukisomwa mara 50 kwa sekunde huonekana wa hezi 10, tena wimbi safi la kupendeza. Kuchuja baadaye hakusaidii. Kichujio cha kuondoa mitetemo ya kasi mno hukaa kabla ya kadi.

Mimi humpa mwanafunzi kipimajoto cha kioo na daftari kwanza. Hununa kidogo.