Uvimbe kwenye titi: usiouma ndio wa kuwahi

"Hauumi, basi si kitu." Katika yote yanayosemwa kuhusu uvimbe wa titi, hili ndilo linalowachelewesha akina mama wengi. Saratani ya titi ikianza kwa kawaida haiumi. Uvimbe wake mara nyingi ni mgumu, kingo hazieleweki, na ukiusukuma hausogei kirahisi. Yale maumivu ya matiti yote mawili siku chache kabla ya hedhi huletwa zaidi na homoni.

Wako pia wanaoamini kila uvimbe ni kansa. Hapana, vimbe nyingi si saratani. Binti wa miaka 20 mwenye kinundu laini kinachoteleza chini ya vidole mara nyingi ana fibroadenoma, uvimbe usio wa saratani ambao huenda isihitaji hata kutolewa. Kuanzia miaka ya 30 na kitu, vifuko vya maji ni vya kawaida. Anayenyonyesha anaweza kupata jipu. Lakini jipu lisilopona kwa dawa lirudishwe hospitali, maana ipo saratani inayojifanya jipu, ngozi ikawa na vishimo kama ganda la chungwa.

Vidole peke yake haviwezi kutofautisha. Daktari hupapasa, kisha picha: altrasaundi kwa wasichana, mamogramu (eksirei ya matiti) zaidi kwa waliofika miaka 40. Panapotiliwa shaka, huchukuliwa kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe, kwa sindano ili kipimwe.

Hapo ndipo wengi hukimbia: "Ukiguswa na sindano, kansa inasambaa." Naelewa neno hili lilikotoka. Mama anafika hospitali ugonjwa umeshaenea, anapimwa, anafariki baada ya miezi michache. Mtaa mzima unailaumu sindano, wala si ule mwaka aliokaa nyumbani akipaka dawa za majani. Kinyama huchukuliwa kwa ganzi, vipande vyembamba tu, na bila hicho hakuna anayejua ni saratani ya aina gani wala kama inalishwa na homoni. Dawa huchaguliwa kwa majibu hayo.

"Kwetu hakuna kansa" nayo si kinga: wagonjwa wengi hawana ndugu aliyewahi kuugua. Wanaume pia huugua, takriban mmoja katika kila wagonjwa 100.

Chuchu ikiingia ndani ghafla au ikitoa damu, nenda wiki hiyohiyo. Na ukiambiwa "ni mafuta tu" bila kipimo chochote, hedhi ikapita na uvimbe ukabaki palepale, rudi uombe altrasaundi.