Je, wajua kwa nini ukitafuta "homa ya ini" websaiti inakuletea nyama choma?

Sio utani. Chukua websaiti yoyote ya WordPress (programu ya kuendeshea websaiti) yenye mchanganyiko, afya humo humo, mapishi humo humo, nenda kwenye kile kisanduku cha kutafuta uandike homa ya ini. Usishangae kati ya majibu ikatokea posti ya nyama choma, na wengi wakiona hivyo wanadhani tayari saiti imedukuliwa au plagini (programu ndogo ya nyongeza) imekufa, basi wanaanza kuzima plagini moja moja mpaka usiku, bure tu.

Iko hivi. WordPress haitafuti maneno, inatafuta herufi zilizofuatana. Ulichoandika inakikata kwenye kila nafasi, inabaki na vipande vitatu, homa, ya, na ini, halafu kila kipande inakipeleka kwenye databesi kwa amri ya LIKE kikiwa na alama ya asilimia huku na huku: LIKE '%homa%'. Hiyo asilimia maana yake mbele na nyuma pakae chochote kile. Sasa angalia mwenyewe, ndani ya "choma" kuna homa, ndani ya "nyama" kuna ya, na ini ndo balaa lenyewe maana imo kwenye lakini, mjini, nchini, kazini, chini... nani ataandika posti nzima ya nyama choma asiseme lakini hata mara moja? Vipande vyote vitatu vimepatikana, posti inapita.

Kinachokera zaidi ni mpangilio wa majibu. Posti yenye hata kipande kimoja tu kwenye kichwa cha habari inawekwa juu ya ile iliyotaja "homa ya ini" vizuri kabisa lakini ndani ya makala tu. Kwa hiyo nyama choma juu, makala ya ugonjwa chini yake, na hapo mashine haijakosea kitu, imefuata ilivyoagizwa.

Kama wewe ni msomaji tu, zungushia alama za nukuu, "homa ya ini", itatafutwa kama kitu kimoja. Ukitaka ini peke yake acha nafasi ndani ya hizo alama, " ini ", nafasi hizo haziondolewi, ila hapo utakosa kila mahali ini ilipofuatwa na koma au nukta.

Mwenye saiti ataambiwa ahamie FULLTEXT, njia nyingine ya kutafuta ya databesi ya MySQL, ambayo inaangalia neno zima. Mi kwa saiti ya Kiswahili nisingekimbilia huko, kwa sababu ukitafuta soma haikuletei anasoma wala walisoma wala tutasoma, na LIKE inazileta zote. Italeta na Somalia pia, sawa, ila hiyo msomaji ataiona na kuipita.