"Damu yake changa, utampita": yasemwayo Lamu kuhusu watoto na homa ya ini B

"Mtoto damu yake changa, ugonjwa utampita." Hili ndilo linalorudiwa sana hapa Lamu, na kwangu ndilo lenye madhara kuliko yote, maana ukweli uko kinyume kabisa. Mtu mzima akiambukizwa kirusi cha homa ya ini aina B, mwili wake kwa kawaida hukifukuza. Wanaobaki nacho hawafiki 5 kati ya 100. Anayekipata wakati wa kuzaliwa hubaki nacho, takriban 90 kati ya 100. Kinga ya mwili wa mtoto mchanga haikitambui kuwa ni adui, basi haipigani nacho. Kikiendelea kuonekana kwenye damu kwa miezi 6, maambukizi huitwa sugu.

"Mbona macho yake meupe?" Ni kwa sababu hiyo hiyo. Macho huwa ya manjano kinga ya mwili inapolishambulia ini lenye kirusi. Mtoto mwenye maambukizi sugu hula, hukua, huenda chuo cha Kurani na wenzake. Makovu ya ini au saratani huja miaka mingi baadaye. Kipimo cha damu ndicho kitakachokwambia, si macho yake.

"Alishachomwa alipozaliwa." Hebu fungua kitabu cha kliniki. Sindano iliyoacha kovu mkononi ni ya kifua kikuu. Chanjo ya homa ya ini B imo ndani ya pentavalenti, chanjo moja ya magonjwa matano, ile ya pajani, wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Zote tatu, hata kama ni kungoja boti kutoka Kizingitini, kisiwani Pate, na bahari imechafuka. Na kabla ya wiki ya 6 kuna pengo: Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mtoto apewe chanjo ya homa ya ini B ndani ya saa 24 za kuzaliwa, na kwa mtoto wa mama mwenye kirusi hili halingoji. Kwa hiyo mama apimwe mimba ikiwa bado changa, aulize mapema chanjo hiyo itapatikana wapi. Mwenye kirusi kingi hupewa dawa miezi ya mwisho ya mimba.

"Hutoka kwa mama tu." Na wembe je? Siku ya saba, akika, mtoto ananyolewa. Wembe ule ule ukamgeukia binamu yake aliyekaa kando akingoja. Sindano ya kutogea masikio vivyo hivyo. Kirusi hiki huishi nje ya mwili siku 7 au zaidi, hata kwenye damu iliyokauka. Wembe wa shilingi chache, wa nini kuufanyia ubahili?

Halafu wenye nyumba hiyo hiyo humtenga mtoto na sinia la wali! Kula pamoja, kukumbatiana, kukohoa, havimwambukizi mtu. Maji machafu huleta aina A, ugonjwa mwingine. Mama mwenye kirusi anyonyeshe, mtoto apate chanjo zake.

"Haina dawa, mchemshie mizizi." Dawa za kukidhibiti kirusi zipo, ingawa ni nadra kukimaliza. Watoto wengi hawaanzishiwi mara moja, hufuatiliwa kwa vipimo. Baadhi ya mizizi na magome huliumiza ini lenyewe. Aliyezaliwa na mama mwenye kirusi apimwe akimaliza chanjo, akiwa na miezi 9 hadi 12: je, anacho kirusi, na je, chanjo imeshika?