Je, inhela humzoesha mtoto?

Wazazi wengi huamini kwamba mtoto mwenye pumu akianza inhela mapema, mwili utaizoea na hataweza kuiacha. Kwa hiyo hupewa kwanza dawa ya maji, na inhela hukaa kabatini mpaka azidiwe. Hofu hiyo inaeleweka: wengi wetu tumeiona inhela mkononi mwa mtu anayehangaika kupumua.

Lakini soma lebo. Mpulizo mmoja wa salbutamoli, dawa ya kutuliza pumu, kwa kawaida una mikrogramu 100. Kijiko cha mililita 5 cha dawa hiyohiyo ya maji mara nyingi kina miligramu 2, yaani mipulizo 20! Ya kuvuta hufika moja kwa moja kwenye njia za hewa. Ya kunywa huzunguka mwili mzima, na mikono ya mtoto huweza kutetemeka.

Inhela haileti uraibu. Pumu yenyewe ndiyo hudumu. Tia alama kwenye kalenda kila siku anayohitaji dawa ya kutuliza. Zikizidi siku mbili kwa wiki, pumu haijadhibitiwa, na huenda anahitaji dawa ya kukinga. Nenda kliniki na kalenda hiyo, umwoneshe mhudumu unavyompulizia (hapo hata wazoefu hukosea).