Siku mbili na nusu Lisbon: namna ya kuupanga mji wa kale ukiwa na muda mfupi

Wengi wanaonijia kutaka ratiba ya safari ya Ulaya huja na hesabu ileile: viza ya Schengen imegharimu fedha na usumbufu mwingi, kwa hiyo siku sita zilizopatikana ni lazima zigawanywe baina ya Paris, Amsterdam na Roma, na ikiwezekana Barcelona nayo iingizwe njiani. Naielewa hesabu hiyo, kwa kuwa kibali kimoja kinachofungua milango ya nchi zaidi ya ishirini kinamshawishi mtu akitumie kote kinakofika. Hata hivyo, kupanga safari ndiyo kazi yangu, na kazi hii imenizoeza kuhesabu saa badala ya miji. Kuhama mji mmoja kwenda mwingine, hata kwa ndege ya saa mbili tu, hula nusu ya siku au zaidi: kuna kufungasha, kurudisha ufunguo, kuwahi uwanjani, kungoja mizigo, kisha kuitafuta hoteli mpya ambayo nayo haitakupa chumba kabla ya saa nane au tisa mchana. Mwenye siku sita na miji mitatu hana zaidi ya siku tano kwa kweli, na hizo zenyewe zimekatwakatwa.

Kwa sababu hiyo, mtu mwenye muda mfupi namshauri achague mji mmoja, na ndani ya mji huo achague kisa kimoja cha kukifuata. Mji wa kale umebeba mambo ya karne nyingi kwa wakati mmoja, na anayetaka kuyaona yote huishia kukumbuka foleni na ngazi. Anayefuata kisa kimoja hujua kwa nini amesimama alipo, na hujua pia kipi akiruke bila majuto. Mfano nitakaoueleza hapa ni Lisbon, mji mkuu wa Ureno, ambako huwapeleka wasafiri wa Afrika Mashariki kuliko mji mwingine wowote wa Ulaya. Sababu si uzuri wake pekee. Kisa chake cha karne ya 16 kinatuhusu sisi wa pwani moja kwa moja, na ushahidi wake bado upo, unaonekana kwa macho.

Kabla ya ratiba yenyewe, kuna faida moja ambayo wasafiri wetu huiona kama adha. Lisbon iko nyuma ya Dar es Salaam na Nairobi kwa saa tatu wakati wa baridi, na kwa saa mbili wakati wa kiangazi. Aliyezoea kuamka saa kumi na mbili asubuhi nyumbani atajikuta macho wakati kwa wenyeji bado ni saa tisa au kumi usiku. Wengine hulazimisha usingizi hadi jua liwake, wakatoka saa nne pamoja na umati uliotoka kwenye meli za watalii. Nawasihi wafanye kinyume: wavae viatu vyenye soli inayoshika, maana vijiwe vya chokaa vilivyotandikwa kwenye njia za mji huo huteleza hata bila mvua, kisha watoke kunapopambazuka. Saa tatu za mwanzo wa siku, kabla makundi hayajafika, zina thamani kuliko mchana wote unaofuata.

Siku ya kwanza ianzie juu. Lisbon ni mji wa vilima, na anayepanda mara moja kwa chombo kisha akateremka kwa miguu hatachoka kama anayepanda na kushuka ovyo. Kila mgeni ameambiwa apande tramu namba 28, na ndiyo sababu inafaa kuiacha: hujaa hadi mlangoni, na wezi wa mfukoni wanaijua vizuri kuliko watalii. Basi dogo namba 737 linalotoka uwanja wa Praça da Figueira hufika karibu kabisa na lango la ngome ya São Jorge. Ngome ikiwa bado imefungwa, keti kwenye ukumbi wa wazi wa Portas do Sol, uutazame mto Tejo na mapaa ya mtaa wa Alfama yanavyopata mwanga.

Ngome hiyo ilikuwa ya Waislamu hadi mwaka 1147, mfalme Afonso Henriques alipouteka mji kwa msaada wa wapiganaji wa msalaba waliokuwa safarini kuelekea mashariki. Waislamu waliobaki walitengewa makazi nje ya kuta, upande wa pili wa kilima, katika mtaa ambao hadi leo unaitwa Mouraria. Sehemu kubwa ya kuta unazoziona zilikarabatiwa upya katikati ya karne ya 20, kwa hiyo usijipe kazi ya kukagua kila mnara. Saa moja inatosha. Jambo la kubeba kutoka hapo ni kwamba wafalme wa Ureno waliishi juu ya kilima hicho hadi mwanzoni mwa karne ya 16, pale mfalme Manuel wa Kwanza alipoyahamishia makazi yake chini, ukingoni mwa mto. Alikuwa anazifuata meli zilizokuwa zikirudi na mali kutoka Bahari ya Hindi.

Nawe shuka kwa njia hiyohiyo. Pita katika vichochoro vya Alfama, ingia kwa muda mfupi katika kanisa kuu la Sé, lililoanza kujengwa mara baada ya mji kutekwa, kisha utokee uwanja mkubwa wa Praça do Comércio, ambao wenyeji wengi bado wanauita Terreiro do Paço, yaani uwanja wa ikulu. Ikulu yenyewe hutaiona. Ilisimama hapo pamoja na Casa da Índia, ofisi iliyosimamia pilipili manga, dhahabu na pembe za ndovu zilizoshushwa kutoka melini, hadi asubuhi ya tarehe 1 Novemba 1755. Siku hiyo ilikuwa sikukuu ya Watakatifu Wote. Makanisa yalijaa waumini, na mishumaa iliwaka kila altare. Tetemeko lilipiga kabla ya saa nne asubuhi, likafuatwa na mawimbi ya tsunami yaliyopanda kutoka mtoni na kuwakumba waliokimbilia uwanda huo wakidhani wameokoka, kisha moto ukateketeza kilichobaki kwa siku kadhaa. Mfalme José wa Kwanza na familia yake walisalimika kwa kuwa walikuwa Belém, nje ya mji, na inasemekana tangu hapo mfalme hakutaka tena kulala chini ya dari la mawe. Alijengewa jumba la mbao.

Mitaa iliyonyooka kama rula inayotoka uwanjani hapo kwenda kaskazini ndiyo mji uliojengwa upya chini ya waziri anayejulikana kwa cheo cha Marquês de Pombal. Wahandisi wake walitia ndani ya kuta fremu za mbao zilizopishanishwa kwa umbo la msalaba wa mshazari, ili nyumba inapotikiswa iyumbe bila kuporomoka. Ukipita barabarani tu huoni chochote cha hayo. Chini ya jengo la benki katika barabara ya Rua dos Correeiros, hata hivyo, kuna eneo la uchimbaji wa kiakiolojia ambalo hutembelewa pamoja na mwongozaji, na sharti kuweka nafasi mapema. Humo utaona nguzo za msonobari zilizozamishwa katika udongo wenye maji ili zibebe majengo ya Pombal, na pembeni yake matangi ambamo Warumi walitia samaki chumvi zaidi ya miaka elfu moja kabla yake. Kwangu mimi ni mahali bora pa kuuelewa mji huo kuliko lifti ya chuma ya Santa Justa ya mwaka 1902, ambayo foleni yake huweza kumla mtu saa nzima. Kileleni mwa lifti hiyo unafika kwa miguu pia, ukipandia upande wa mtaa wa Chiado hadi kwenye magofu ya kanisa la Carmo, ambalo paa lake halikurudishwa kamwe baada ya 1755. Matao yake yamebaki wazi chini ya mbingu.

Siku ya pili ni ya Belém, na isiwe Jumatatu, kwa sababu monasteri na makumbusho ya taifa hufungwa siku hiyo. Safari yako ikiangukia Jumatatu, hamishia siku hiyo mambo ya ngome na Alfama. Treni kutoka kituo cha Cais do Sodré hufika haraka kuliko tramu namba 15, hasa asubuhi.

Monasteri ya Jerónimos ilianza kujengwa mwanzoni mwa karne ya 16 kwa amri ya Manuel, na gharama zake zilitokana kwa sehemu kubwa na asilimia tano ya ushuru wa biashara ya Afrika na Mashariki. Milango ni miwili, na foleni zake ni mbili: mmoja wa kanisa na mwingine wa ua wa ndani wenye matao ya kuchongwa. Wageni wengi husimama katika foleni ndefu bila kujua ni ya wapi, basi uliza kwanza. Ndani ya kanisa, karibu na mlango, kuna kaburi la Vasco da Gama. Huyu ndiye aliyefika Mombasa na kisha Malindi mwezi Aprili 1498, akapata huko Malindi rubani wa kumvusha hadi India. Alifariki Cochin mwaka 1524, na mabaki yake yaliletwa hapa katika karne ya 19. Watalii humpiga picha wakaondoka. Msafiri wa kutoka pwani yetu ana sababu ya kusimama kidogo zaidi, hasa akikumbuka alichokifanya safari yake ya pili.

Mwaka 1502 Vasco da Gama alitia nanga Kilwa akiwa na meli za kivita, akamtishia mtawala wake, Amiri Ibrahim, hadi akakubali kulipa kodi ya utii kwa mfalme wa Ureno kwa dhahabu. Kilwa ilikuwa imetajirika kwa dhahabu iliyotoka bara, huko nyanda za juu za Zimbabwe, ikipitia bandari ya Sofala. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1505, msafara mwingine wa Wareno uliiteka Kilwa na kuichoma moto Mombasa. Haya tunayasoma shuleni. Lisilosomwa ni kwamba dhahabu ile haikupotea.

Ukitoka Belém, panda tramu namba 15 kurudi mjini na ushuke njiani kwenye Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kale, katika mtaa wa Janelas Verdes. Ni jengo kubwa, nalo lina mchoro mashuhuri wa mchoraji Bosch na skrini za Kijapani zinazowaonesha Wareno wakiteremka melini, baadhi yao wakiwa na watu weusi kati yao. Lakini ukiwa na saa moja tu, nenda moja kwa moja kwenye Custódia de Belém. Ni chombo cha kuoneshea Ekaristi, ambacho Wakatoliki hukiita monstransi, chenye urefu wa sentimita 73 hivi, kilichotengenezwa kwa dhahabu na nakshi za enameli, na kinachohusishwa na sonara Gil Vicente. Mitume kumi na wawili wadogo wamepiga magoti kuzunguka mahali pa hostia, yaani mkate wa Ekaristi, kila mmoja na uso wake na vazi la rangi yake. Juu yao ananing'inia njiwa mweupe. Chini, kwenye tako la chombo, kuna ndege, maua na kombe. Zunguka kabati la kioo taratibu, kisha inama usome maandishi yaliyozunguka tako. Yanasema kwamba mfalme Manuel aliagiza kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Quíloa, na kwamba kilikamilika mwaka 1506. Quíloa ni Kilwa kwa maandishi ya Kireno. Nimewaona watu wa Lindi na Mtwara wakisoma neno hilo mara mbili na kunyamaza, na sijawahi kuhitaji kuwaongezea maelezo.

Mnara wa Uvumbuzi wa Belém (Padrão dos Descobrimentos), wenye sanamu za mashujaa wa Ureno wakielekea mtoni, unaweza kuutazama kwa nje tu. Ule wa kwanza ulikuwa wa muda, uliosimamishwa kwa maonesho ya mwaka 1940 chini ya serikali ya dikteta Salazar, na huu wa kudumu ulizinduliwa 1960. Unaeleza zaidi jinsi karne ya 20 ilivyopenda kujiona kuliko yaliyotokea karne ya 16. Vikeki vya maziwa na mayai vya duka maarufu la hapo, lililoanza 1837, ni vitamu kweli. Sintra, mji wa majumba ya kifalme ulio karibu na Lisbon, ambao kila rafiki atakusisitizia, uache kama huna siku ya tatu kamili.

Kuhusu chakula nitasema machache. Mkate, zeituni na jibini vinavyowekwa mezani bila kuagizwa hulipiwa, basi rudisha usivyovitaka mapema. Samaki wa kuchoma hupatikana kila mahali, na anayetaka nyama ya halali ataipata bila shida karibu na uwanja wa Martim Moniz, chini ya Mouraria.

Nusu siku ya mwisho itumie kwenye kanisa la São Domingos, pembeni mwa uwanja wa Rossio. Liliungua mwaka 1959, na nguzo zake zilizopasuka kwa moto zimeachwa hivyohivyo. Nje yake kuna kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa katika ghasia zilizoanzia hapo Aprili 1506, mwaka uleule ilipokamilika monstransi ya Kilwa. Kwenye uwanja huohuo hukutana kila siku Waafrika waishio Lisbon, wengi wao wa Guinea-Bissau, na ni mahali pazuri pa kukaa kabla ya kuchukua mizigo. Kutoka hapo, treni ya chini ya ardhi ya mstari wa kijani hadi Alameda, kisha wa mwekundu, itakufikisha uwanja wa ndege. Angalia tiketi yako kwanza: ndege nyingi za bei nafuu huondokea jengo la pili, ambalo hufikiwa kwa basi kutoka jengo la kwanza, na anayetoka nje ya eneo la Schengen hupanga foleni ya pasipoti baada ya kumaliza ukaguzi wa usalama. Tenga saa tatu kamili.