Ruzuku Isiyo na Jina: Bima ya Mapato ya Mazao Marekani

Kwetu, ukitaja ruzuku, mtu anaona mfuko wa mbolea. Marekani sehemu kubwa ya ruzuku ya mkulima haibebwi begani: imefichwa ndani ya ada ya bima. Sisi tunaofundisha uchumi wa kilimo tunaona hapo ndipo wengi wanapopotea, wakiwemo Waswahili wanaolipa kodi huko.

Chukua mkulima wa Iowa ambaye kwa kawaida huvuna busheli 180 za mahindi kwa ekari (busheli moja ni kama kilo 25), na amechagua kinga ya asilimia 80, yaani bima imhakikishie sehemu hiyo ya mapato yake ya kawaida. Mwaka 2024 bei ya bima, inayopatikana kwa wastani wa bei za soko la Chicago mwezi Februari, ilikuwa dola 4.66 kwa busheli. Basi amehakikishiwa mapato ya dola 671 kwa ekari. Oktoba bei ikawa 4.16. Tuseme amevuna busheli 150: ana dola 624, na bima inamfidia 47 zilizopungua kwa kila ekari. Kwa ekari 1,000, hizo ni dola 47,000. Aina inayopendwa zaidi ina utamu wake: bei ikipanda wakati wa mavuno, kiwango cha kinga nacho hupanda. Ndivyo ilivyokuwa katika ukame wa 2012, fidia zilipopita dola bilioni 17.

Ada ya bima hiyo, kwa wastani, serikali inalipa takriban asilimia 60. Kampuni za bima nazo hulipwa na serikali gharama za kuiendesha.

Sasa, nani kapata kiasi gani? Kwa malipo ya moja kwa moja, kama yale ya ARC na PLC, mipango ya serikali inayomlipa mkulima mapato au bei zikishuka, utajua. Mwaka 1996 gazeti la Washington Post liliishinda wizara ya kilimo mahakamani katika kesi ya kudai majina ya waliolipwa, na mwaka 2001 shirika la Environmental Working Group likaweka orodha kwenye intaneti. Humo walikutwa hata mabilionea ambao jembe wanalijua kwa picha. Malipo hayo yana kikomo kwa mtu mmoja; chini ya sheria ya 2018 kilikuwa dola 125,000.

Bima haina kikomo, na sheria yake inakataza kutoa taarifa za mkulima mmoja mmoja. Mwaka 2012 GAO, wakaguzi wa Bunge, waliandika kuhusu kampuni moja yenye vitalu vya mimea iliyopata ruzuku ya ada ya dola milioni 2.2 kwa mwaka 2011 pekee. Jina halikuandikwa.

Hoja ya faragha si ya kubezwa. Mwaka 2010 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilifuta utaratibu wa kutangaza jina la kila mkulima aliyepokea ruzuku. Lakini Ulaya haikufunga daftari: ilirudisha majina na kuwaachia faragha wanaopata euro 1,250 au chini yake. Binafsi naona huo ndio mpaka wa haki, mdogo alindwe na mkubwa aonekane.

Kwa sasa anayetaka kufuatilia ana takwimu za kila kaunti zinazotolewa na RMA, wakala wa wizara ya kilimo unaosimamia bima hii: idadi ya bima, ada, ruzuku na fidia. Ukigawa ruzuku kwa idadi ya bima unapata wastani, na ndani ya wastani huo mwenye ekari 80 na mwenye 8,000 wamekaa benchi moja.